Ubeti wa Mahindi

Mume wangu alikuwa mtunzi wa nyimbo za kupokea wageni. Hiyo haikuwa kazi yake ya mshahara. Kwa mshahara alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi pale Bombambili, mjini Songea. Lakini kila mkubwa alipotarajiwa kutoka Dar es Salaam, tarishi alikuja na baiskeli kumwambia mwalimu aandae wimbo. Alipewa jina la mgeni na cheo chake, naye alivipachika ndani ya wimbo ambao watu walikwisha kuuzoea, mara nyingi ule wenye mdundo wa mganda, ngoma ya kwao, pwani ya Ziwa Nyasa. Wageni walifurahi. Wengine walinyanyuka vitini wakacheza kidogo, na siku hiyo mume wangu alirudi nyumbani akiwa mwepesi kama mtu aliyepandishwa daraja.

Hakuona haya kwa kazi hiyo. "Mgeni anaimbiwa," aliniambia nilipomtania. "Kwetu hata mkwe akija anaimbiwa. Huyu aliyesafiri siku nzima nimnyime?"

Mimi nilifika Songea nikitokea Singida, mwalimu wa sekondari aliyepangiwa kituo asichokijua. Tulikutana katika kwaya ya kanisa aliyokuwa anaifundisha, tukafunga ndoa, tukapanga nyumba Lizaboni, yenye ua mpana kwa nyuma. Nilikuwa nafundisha Siasa. Baadaye somo likabadilishwa jina likawa Uraia, na kwa muda mrefu tulifundisha jina jipya kwa vitabu vya zamani, kila mmoja akijaziliza kwa alichokipata.

Ilikuwa miaka ya kila kitu kufunguliwa. Madukani zilirudi sabuni na khanga na betri za redio, vitu ambavyo tuliwahi kuvipangia foleni tangu alfajiri. Magazeti ya watu binafsi yalianza kuletwa na mabasi, yakifika yamechelewa, yakisomwa na mtaa mzima hadi yanachanika kwenye mikunjo. Vyama vingi vilizungumzwa, halafu vikaruhusiwa. Lakini huku kwetu Songea ni mahindi, na kwa upande wa mahindi kufunguliwa huko kulikuwa na sura nyingine. Ruzuku ya mbolea iliondolewa kidogo kidogo, bei ikawa inapanda kila msimu. Waliokuwa wananunua mahindi ya wakulima walikuja na ahadi badala ya fedha. Watu walipeleka magunia ghalani, wakapewa karatasi, wakaambiwa wasubiri. Ghala likajaa. Magunia yaliyobaki yakapangwa nje, na mvua za kwanza zikayakuta hapo hapo. Nilipita pale siku moja kutoka sokoni nikaona machipukizi ya kijani yametokeza kwenye matundu ya magunia, mazuri kuyatazama, kama bustani.

Mume wangu alikuwa na kikundi cha kinamama wa Msamala aliowatumia kwa nyimbo za wageni. Mwenyekiti wao alikuwa mjane mrefu, mwembamba, aliyeishi kwa kulima na kwa kupika pombe ya komoni. Alikuwa na sauti nzito isiyolingana na mwili wake. Ikianza, zile nyingine zilijua zikae wapi. Kwa kuwa nyumbani kwake walijaa wanywaji, mazoezi yalifanyika uani kwetu. Mimi nilikuwa nachagua mchele au nasahihisha madaftari barazani huku nawasikiliza.

Alasiri moja walikuwa wanajifunza wimbo wa mgeni mwingine aliyetarajiwa. Walipomaliza, mwenyekiti hakukaa chini kama wenzake.

"Mwalimu, wimbo mzuri," alisema. "Lakini mbona sisi hatumo?"

"Hammo kivipi, mama?"

"Mgeni yumo. Cheo chake kimo. Amani imo, barabara imo. Sisi tunaoimba hatumo."

Kinamama walicheka. Mume wangu naye alicheka, lakini nilimwona akikuna kidevu kwa kile kipande cha chaki alichozoea kutembea nacho. Kwenye mazoezi yaliyofuata aliwafundisha ubeti mpya:

Karibu mgeni wetu, upite hadi ghalani,
Uone mahindi yetu, yameota magunini,
Mvua ni juu yetu, turubai liko ndani,
Tumelima nguvu zetu, malipo yetu ni lini?

Waliushika upesi kuliko wimbo wowote aliowahi kuwafundisha. Hawakuhitaji kukumbushwa neno. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alikuwa analia huku anaimba, na wenzake walimwacha alie.

Walipoondoka nilimwuliza mume wangu kama ameufikiria vizuri ubeti ule.

"Nimemtaja nani?" aliniuliza.

"Hujamtaja mtu."

"Nimesema uongo?"

"Hapana."

"Basi. Mtu anaalikwa kuangalia ghala. Kukaribisha mgeni ndiyo kazi yangu."

Mimi nilikuwa na hofu, lakini hofu yangu haikuwa na umbo. Tuliishi katika nchi ambayo magazeti yaliandika mambo makali zaidi ya hayo kila wiki, na walioandika walikuwa wanatembea huru. Nilijiambia Songea nayo ni nchi hiyo hiyo.

Mgeni alikuja, akakaa chini ya turubai la sherehe pamoja na wenyeji wake. Kinamama walivaa khanga za sare. Beti za kwanza zilikwenda vizuri, mgeni akawa anatikisa kichwa kufuata ngoma. Ulipofika ubeti wa mahindi nilimwona mtu mmoja pembeni ya jukwaa anainamia mitambo, na kipaza sauti kikakatika katikati ya mstari wa pili. Mwenyekiti hakusimama. Aliendelea kuimba kwa koo lake, na wenzake pamoja naye, lakini uwanja ni mkubwa na upepo wa Songea miezi ile hauna adabu. Waliosikia ni safu za mbele. Sisi wa nyuma tuliona midomo tu.

Mgeni alipiga makofi. Hilo nalikumbuka, kwa sababu ndilo lililotupa amani. Alipiga makofi, akahutubia, akala, akaondoka. Jioni mume wangu alikula ugali na mboga ya likolo akaongeza. "Umeona," alisema. "Mtu mzima ukimwambia jambo kwa adabu anasikia."

Wiki iliyofuata wanaume wawili waliovaa kiraia walimfuata shuleni, wakamsubiri amalize kipindi, wakaondoka naye. Mwalimu mwenzake alikuja kuniita darasani. Nilikwenda kituo cha polisi nikiwa na vumbi la chaki mikononi. Pale mapokezi nilimkuta kijana niliyemfundisha kidato cha pili, amevaa sare iliyonyooshwa vizuri.

"Shikamoo, mwalimu," alisema, akasimama.

"Marahaba. Mwenzangu yuko hapa?"

"Yupo, mwalimu."

"Kafanya nini?"

Aliangalia mlango uliokuwa nyuma yake. "Mwalimu, mimi nakaa hapa mbele tu. Ulete chai na blanketi. Usiku baridi kali. Hivyo naweza kumfikishia."

Nilileta chai na blanketi, naye alivifikisha. Kijana yule alinitendea heshima yote mtu anayoweza kumtendea mwalimu wake, na heshima hiyo haikuweza kufungua hata dirisha.

Mwenyekiti alichukuliwa siku hiyo hiyo, akatolewa kesho yake. Mume wangu alikaa zaidi. Alipotolewa kwa dhamana alinisimulia aliyoulizwa. Walitaka kujua nani amemtuma. Alipojibu hakuna, walimtajia vyama, kimoja kimoja, wakimwangalia usoni kila wakitaja. Halafu wakaingia kwenye mstari wa tatu.

"Wakaniuliza, turubai liko ndani ya nini? Ndani kwa nani? Nani amelificha? Nikawaambia, ndugu zangu, nilikuwa natafuta kina. Ghalani, magunini, ndani. Wakasema, huyu anatufanya wajinga."

"Kwani si kweli kwamba lilikuwa ndani?"

"Ni kweli," alisema. "Lakini nilianza na kina."

Walifunguliwa kesi ya pamoja, yeye mshtakiwa wa kwanza na mwenyekiti wa pili, kwa kutunga na kuimba maneno ya uchochezi mbele ya hadhara. Mwalimu mkuu wake alimwambia akae nyumbani kwa nusu mshahara mpaka mambo yaishe.

Nilikwenda kwa kila mtu niliyemfahamu. Padri alinipokea vizuri, akaniambia atamwona mtu fulani, akamwona, akarudi akaniambia tuendelee kusali. Mkubwa mmoja ambaye watoto wake niliwafundisha alinikaribisha sebuleni, akanipa soda, akaongea habari za mitihani mpaka soda ikaisha. Nilipotaja mume wangu alisimama, akasema mambo yaliyoko mahakamani yeye hawezi kuyagusa. Nilitoka pale namshukuru. Ndivyo tulivyofundishwa, mtu akikunyima kwa upole unamshukuru.

Mwisho nilifika kwa wakili. Mjini walikuwa wachache sana wakati ule, na huyu alikuwa mzee aliyerudi kwao baada ya kufanya kazi Dar miaka mingi. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya baiskeli. Alinisikiliza bila kunikatiza, akaniomba nimwimbie ubeti. Nilimwimbia kwa sauti ndogo. Alitabasamu kidogo, akafungua kabati.

"Unafundisha Uraia, mwalimu?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi hii unaijua." Aliweka mezani Katiba, akafungua ibara ya kumi na nane, kila mtu ana uhuru wa kuwa na maoni na kuyatoa. Kisha akaweka kijitabu kingine kilichofifia, Tamko la Haki za Binadamu la mataifa yote, akaonyesha ibara ya kumi na tisa. Akanieleza kwamba baada ya Tamko lile ulikuja mkataba wenye nguvu ya sheria, na nchi yetu iliukubali zamani, mimi nikiwa bado shule. Serikali iliahidi mbele ya dunia kwamba mtu hataguswa kwa sababu ya maoni yake, na kwamba kauli yake ikibanwa, ibanwe kwa sheria iliyo wazi na kwa sababu ya lazima, si kwa sababu mkubwa ameona aibu.

Nilihisi kifua kinafunguka. "Kwa hiyo tutashinda."

"Hilo sijasema."

Alivua miwani. Alinieleza polepole, kama anavyoelezwa mgonjwa. Hakimu wa hapa mjini anasikiliza kesi ya uchochezi. Habari za haki za kikatiba zinapelekwa Mahakama Kuu, na jaji anakuja huku kwa vikao vya mara moja moja. Huko nako kila haki katika vitabu vyetu ina mkia wake, "bila kuathiri sheria za nchi", na sheria zenyewe za magazeti na mikutano ni zile zile za zamani, hazijafunguliwa kama maduka. Nikamwuliza kuhusu huo mkataba wa dunia. Alisema iko kamati Ulaya inayousimamia, lakini nchi yetu haijakubali mtu mmoja mmoja apeleke malalamiko yake kule.

"Hakuna pengine?"

"Iko tume ya Afrika. Hiyo inapokea. Lakini lazima kwanza umalize mahakama zote za nyumbani."

"Tukimaliza?"

"Mwalimu," alisema, "hamjaanza."

Alikubali kututetea, akakataa tuzungumzie malipo kabla ya kesi kuisha. Niliomba kunakili ile ibara kutoka kwenye kijitabu, kwa kuwa shuleni hatukuwa nacho.

Kesi ikawa ya kuahirishwa. Tulifika asubuhi, tukakaa kwenye mabenchi ya nje pamoja na watu wa kesi za kuku na mipaka ya mashamba. Kinamama wa Msamala walikuja mwanzoni wote, wengine na majembe yao kwa sababu wangepitiliza shambani. Jina linaitwa, washtakiwa wanasimama, mwendesha mashtaka anasema upelelezi haujakamilika, tarehe inapangwa, tunatoka. Mara ya kwanza mwenyekiti aliposomewa shitaka na kuulizwa kama ni kweli au si kweli, alijibu, "Niliimba, ni kweli. Uchochezi ndio siujui." Karani aliandika amekana.

Siku moja tu kesi ilisogea. Hakimu, mtu wa makamo aliyeonekana kuwa na kikohozi cha kudumu, alitaka maneno yenyewe yasomwe. Kanda iliyorekodiwa uwanjani ilikuwa haionekani, kwa hiyo askari mmoja akapewa karatasi. Alisoma ubeti ule kama mtu anayesoma orodha ya vitu vilivyoibwa, akisimama pasipostahili, akaunganisha mstari wa pili na wa tatu. Watu waliokaa nyuma walianza kucheka chinichini. Nilimtazama mume wangu kizimbani. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Alikuwa anamrekebisha askari mizani, bila sauti, na sijui kama alijua kwamba anafanya hivyo. Hakimu aliangalia karatasi muda mrefu, akauliza, "Hayo mahindi yalikuwa nje au hayakuwa nje?" Mwendesha mashtaka akasema hilo si suala lililoko mbele ya mahakama. Hakimu akakohoa, akaahirisha.

Nilipata matumaini siku ile. Wakili naye alipata. Nilimwona anatembea haraka.

Wakati huo huo nilikuwa darasani naendelea na kazi. Mada ya haki za raia ilikuwemo kwenye muhtasari na muda wake ulikuwa umefika. Niliandika ubaoni ile ibara niliyoinakili, nikawaeleza wanafunzi kwamba maoni yamo ndani ya mtu na hayaguswi kabisa, na kwamba kuyasema nako kunalindwa, kwa mdomo, kwa maandishi, kwa sanaa. Nilipotamka sanaa msichana mmoja wa dawati la pili alinyoosha mkono.

"Mwalimu, na mwalimu wa kwaya je?"

Darasa zima lilijua. Songea ni mji mdogo. Nilimwambia kwamba kesi iko mahakamani, na kwamba kwa jinsi ibara hii inavyosomeka, kuimba vile ni haki yake.

"Sasa kwa nini anashitakiwa?"

Nilimwambia sijui. Ndilo jibu la kweli nililokuwa nalo. Aliandika kitu kwenye daftari lake, labda neno hilo hilo. Baada ya siku chache mkuu wa shule aliniita, akanikalisha, akasema kwa upole kabisa kwamba mada ile nimeipa vipindi vya kutosha, niende kwenye alama za barabarani.

Halafu asubuhi moja tulifika mahakamani, majina yakaitwa, na mwendesha mashtaka akasema upande wa mashtaka hauna nia ya kuendelea na shauri hilo. Hakimu aliuliza sababu, akaambiwa ni maelekezo. Akasema washtakiwa wako huru. Ilichukua muda mfupi kuliko kuvua koti. Nje kinamama wachache waliokuwepo walipiga vigelegele, wakamkumbatia mwenyekiti, na mimi nilimshika mume wangu mkono hadharani, jambo ambalo sikuwa nalizoea.

Wakili alibaki ngazini anafuta miwani.

"Mzee, hufurahi?" nilimwuliza.

"Nafurahi kwamba analala nyumbani." Aliivaa miwani yake. "Lakini hakuna hukumu, mwalimu. Hakuna mtu aliyesema wana haki ya kuimba, na hakuna aliyesema hawana. Hukumu isipokuwepo hakuna rufaa. Rufaa isipokuwepo, huko juu kote nilikokwambia hakuna njia ya kwenda."

Sikumwelewa vizuri mpaka barua ya uhamisho ilipofika. Mume wangu alihamishwa kutoka Bombambili kwenda shule moja iliyojificha ndani kabisa ya wilaya ya Tunduru, akatakiwa aripoti mara moja, kwa mahitaji ya kazi. Uhamisho ni jambo la kawaida kwa mwalimu. Haikuandikwa popote kwamba ni adhabu. Tulirudi kwa wakili, akasoma, akatuambia serikali ina haki ya kumhamisha mtumishi wake, na hakuna hakimu atakayesikia wimbo ndani ya karatasi ile.

Alikwenda. Barabara ya Tunduru nyakati zile ilikuwa inameza magari. Masika lori lililala njiani siku nyingi, abiria wakipika kando ya barabara. Mimi niliomba kuhamia huko, nikajibiwa hakuna nafasi ya mwalimu wa sekondari. Aliporudi likizo ya kwanza sikumjua mara moja pale stendi. Homa zilikuwa zimemmaliza mwili. Alikaa uani, kinamama wawili wa Msamala wakaja kumpa pole, wakamletea maharage. Waliongea habari za mvua. Walipokuwa wanaaga, mmoja alimwomba kwa utani awatungie hata wimbo wa harusi ya mwanawe. Alisema, "Mama, nimezeeka." Hakuwa amefika miaka arobaini na tano.

Kikundi kilikuwa kimekufa tayari. Hakuna aliyekivunja. Mwenyekiti alikwenda kuhuisha kibali chake cha pombe akaambiwa arudi wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa kama tarehe za mahakamani. Wanywaji waliogopa kukaa kwake. Mbolea ya mkopo kwa vikundi ilipoletwa, jina la kikundi chake halikusomwa, na wenzake walielewa, wakaanza kujiandikisha kwenye vikundi vingine mmoja mmoja. Sikuwalaumu, walikuwa na watoto. Mmoja wao, yule aliyekuwa akilia na mtoto mgongoni, tukikutana sokoni alikuwa anavuka upande wa pili, na mimi nilijifunza kuangalia nyanya mpaka apite.

Kabla hajaondoka kwenda kwa kaka yake Mbinga, mwenyekiti alikuja kutuaga. Mume wangu alikuwa Tunduru. Nilimwambia nasikitika kwa yote yaliyompata kwa ajili ya wimbo wetu.

"Wimbo ulikuwa wangu, Mama Mwalimu," alisema. "Mimi ndiye niliyeuagiza. Mwambie hivyo akirudi. Mwambie mimi sijutii. Ila nimechoka."

Mume wangu aliporudi nilimwambia. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa.

Miaka michache baadaye alistaafishwa kwa manufaa ya umma. Ndivyo barua ilivyosema, na wakili wetu alikuwa ameshafariki. Alirudi Lizaboni, akafuga nguruwe wawili, akawa mtu wa kwenda misa ya kwanza. Kwenye kwaya hakurudi. Nilikuwa nakaa naye benchi moja kanisani, na wakati wa wimbo nilikuwa nategea sikio upande wake. Alisimama watu waliposimama, akafungua kitabu ukurasa uliotajwa, akafuata maneno kwa kidole.

Nilijaribu nyumbani. Nilikosea makusudi wimbo wa mganda alioupenda, nikijua zamani asingevumilia. Alisema, "Endelea tu, mama, unakwenda vizuri." Niliacha.

Ulipokaribia mwisho wa miaka ya tisini lilikuja shirika moja kutoka Dar kuendesha semina ya haki za binadamu, na walimu wa Uraia tukaalikwa kila mmoja na mwenzi wake. Nilimshawishi mume wangu, akavaa suti yake ya harusi ambayo sasa ilimpwaya. Ukumbi ulikuwa umejaa. Mwezeshaji alikuwa binti mwerevu, mchangamfu, mwenye umri wa kuwa mwanetu. Alitugawia vijitabu vipya, karatasi nyeupe inanukia wino, akatufungulia ibara ya kumi na tisa, akaieleza vizuri kuliko nilivyowahi kuieleza mimi. Alisema uhuru wa maoni ndio unaolinda haki nyingine zote, kwa sababu mtu anayenyang'anywa shamba au mshahara asipoweza kusema, nani atajua. Kila neno lilikuwa sahihi. Niliandika yote.

Kisha akasema angependa kusikia kutoka kwetu wenyewe, hasa wazee, jinsi haki hii ilivyokuwa mkoani kwetu. Watu kadhaa mle ndani walijua. Niliona vichwa vinageuka kimya kimya kuelekea benchi letu. Binti aliona vichwa, akatufuata.

"Shikamoo, mzee. Naona wenzako wanakutazama. Una maoni?"

"Marahaba, mwanangu."

Alisubiri. Alikuwa na subira ya kweli, nampa haki yake. Mume wangu aliweka mikono miwili juu ya kijitabu. Nilikuwa tayari kusema badala yake, nikamgusa mkono kumwuliza, naye alitikisa kichwa.

"Hapana," alisema. "Nashukuru kwa semina. Mmetusaidia."

Binti alimshukuru, akaenda kwa mwingine. Mwingine akazungumzia umuhimu wa elimu. Mchana tukapewa wali na nyama, tukasaini fedha ya nauli, tukatoka. Njiani mume wangu aliniambia nguruwe mmoja hali vizuri na lazima apitie kwa bwana mifugo. Tulipitia. Bwana mifugo hakuwepo, tukamwachia ujumbe kwa mkewe, tukapandisha taratibu kuelekea Lizaboni kwa sababu goti lake lilikuwa linauma.